Ukimwona antiopa andika hapohapo, usingoje kufika nyumbani

Juzi usiku imeingia meseji kutoka kwa msomaji mmoja kuhusu antiopa, yule kipepeo adimu tunayemtafuta huku Uingereza, na imenikaa moyoni mpaka nikaona niijibu hapa mbele ya wote. Kaandika hivi: "Kaka habari za kazi. Nimeona rekodi yako ya antiopa imekubaliwa, hongera sana. Mimi mwaka juzi nilimwona kwenye bustani ya jirani, nikatuma, nikajibiwa haiwezi kuthibitishwa. Tangu hapo nimekata tamaa, hata kuandika siandiki tena. Wewe mwenzangu ulifanyaje?"

Ndugu yangu, hayo maumivu nayajua vizuri sana, kwa sababu kabla ya hii iliyokubaliwa Agosti iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa na yangu iliyokataliwa, na mpaka leo nikiifungua ile barua pepe napata joto usoni.

Nyie mnaofuatilia vipepeo wahamaji huku Uingereza najua hamhitaji kuambiwa antiopa ni nani, kila mmoja wetu anamuota, lakini niseme kidogo kwa ajili ya wageni. Nymphalis antiopa, ambaye Waingereza wanamwita Camberwell Beauty, ni kipepeo mkubwa, mabawa yana rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea zambarau, ukingoni kuna utepe wa rangi ya krimu, na ndani ya huo utepe kuna mstari mweusi wenye madoa ya buluu. Huku haijawahi kuthibitishwa kwamba anazaliana. Anayeonekana huku amevuka bahari, wengi wanatoka Skandinavia mwishoni mwa kiangazi wakisukumwa na upepo, na miaka mingine nchi nzima anaonekana mmoja mmoja tu. Halafu inatokea miaka kama 1872, 1976 na 1995, wanaingia kwa mamia, watu wanasimulia mpaka wajukuu.

Sasa angalia kitu kimoja. Rekodi ya kwanza kabisa inayojulikana ya huyu kipepeo hapa ni ya Agosti 1748, wawili walionekana Cold Arbour Lane, Camberwell, enzi hizo ni kijiji tu nje ya London. Ni karibu karne tatu zimepita na bado tunajua ni spishi gani, walikuwa wangapi, kichochoro kipi, mwezi gani, mwaka gani. Hakukuwa na kamera wala intaneti, kulikuwa na mtu aliyeona umuhimu wa kuandika. Mimi hiyo habari ndiyo iliyonibadilisha kabisa, na ushauri wangu wote hapa chini unatoka hapo.

Basi ile yangu iliyokataliwa ilikuwa hivi. Mchana wa jua kali, nipo bustanini nakata majani, simu ipo ndani inachaji, akapita kitu kikubwa cheusi juu ya kichwa kikaenda kutua kwenye uzio wa mbao upande unaopigwa na jua. Akafungua mabawa, nikaona ule ukingo wa krimu waziwazi, akafunga, akafungua tena, halafu akaruka kwa ule mtindo wake wa kupiga mabawa mara chache kisha kuteleza na upepo mabawa yakiwa yamenyooka, akapotea nyuma ya paa la jirani. Yote hayo nadhani hayakufika dakika moja. Nilisimama pale mikono inatetemeka. Nikaingia ndani nikatuma taarifa kwa mhakiki wa kaunti, yule anayekagua rekodi za vipepeo kabla hazijakubaliwa, na siku chache baadaye jibu likaja, la heshima lakini la kukata maini: tunashukuru kwa taarifa, bila picha spishi hii hatuwezi kuikubali, huenda ulimwona tausi.

Tausi! Yaani Aglais io, kipepeo ambaye nimemhesabu kila kiangazi tangu nianze hii hobi. Ni kweli tausi akifunga mabawa chini yake ni kama mkaa, na antiopa naye chini ni mweusi hivyohivyo, lakini antiopa hata akiwa amefunga ule ukingo mpauko unaonekana, tausi hana ukingo wowote. Nilijua nilichokiona na najua mpaka leo. Kuna mwingine kwenye grupu letu la vipepeo akaongezea kwamba hata kama alikuwa antiopa kweli basi kuna mtu alimfuga akamwachia, kwa hiyo haina maana. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi ya ile barua, kwa sababu aliandika mbele za watu na watu wakalaiki.

Lakini nilipotulia nikaanza kusoma kwa nini hawa watu ni wagumu hivi, na hapa naomba tuwe wakweli. Mhakiki wa kaunti ni mtu wa kujitolea, halipwi, kiangazi kinamletea maelfu ya rekodi na anazipitia jioni baada ya kazi zake. Halafu historia ya huyu kipepeo ina utapeli mwingi. Zamani wakusanyaji walikuwa wanalipa pesa nyingi kwa antiopa aliyekamatwa Uingereza kuliko wa Ulaya bara, ikaenea imani kwamba wa Uingereza ana ukingo mweupe zaidi, na wauzaji wakawa wanaleta wa bara na kuwauza kama wa nyumbani. Huo weupe wenyewe si alama ya nchi, ni umri, antiopa akipita majira ya baridi ule ukingo unapauka mpaka unakaribia kuwa mweupe. Na wafugaji wapo hadi leo wanaowaachia. Kwa hiyo mhakiki akikubali kila neno la kila mtu, ramani nzima inakuwa haina thamani, na yeye ndiye atakayelaumiwa. Nimelielewa hilo. Kuelewa hakujaondoa uchungu, lakini kumenifundisha nimpe mhakiki kitu ambacho hawezi kukikataa.

Kitu cha kwanza ni maandishi ya papo hapo, na hili nitalirudia mpaka mnichoke. Usifungue kitabu, usigoogle, usiulize grupu kwanza. Chukua karatasi au fungua noti kwenye simu uandike ulichokiona wewe, kwa macho yako, kabla picha ya kitabu haijaingia kichwani na kuchanganyika na yako. Andika ukubwa ukimlinganisha na kipepeo mwingine aliyekuwepo, rangi ya juu, rangi ya chini kama umeiona, ukingo, alikuwa umbali gani, jua lilikuwa upande gani, aliruka vipi, alitua wapi, ulimwona kwa muda gani. Na kama kuna kitu hukukiona, kiandike pia. "Madoa ya buluu sikuyaona" ni sentensi inayomfanya mhakiki akuamini zaidi, maana mtu anayenakili kitabu hawezi kuiandika.

Kitu cha pili ni kujua lini utoke. Watu wengi wanatembea tu wakiomba bahati, mimi siamini hivyo tena. Kuanzia mwisho wa Julai kila asubuhi naangalia ramani ya hali ya hewa. Kama kuna mgandamizo mkubwa wa hewa umekaa juu ya Skandinavia, kuna joto, na upepo unavuka Bahari ya Kaskazini kutoka mashariki au kaskazini mashariki, nafuta miadi. Halafu naingia kwenye tovuti za kuripoti viumbe, Artportalen ya Uswidi na Observation.org ambako Waholanzi wengi wanaandika, naangalia antiopa wanaripotiwaje. Ukiona kule taarifa zinaongezeka siku hadi siku na upepo umegeuka kuja kwetu, nenda pwani ya mashariki, Norfolk, Suffolk, Kent, au kama unakaa mbali basi angalau usikae ndani. Wapo waliowahi kusema hawa vipepeo wanaletwa na meli za mbao kutoka Skandinavia, na yawezekana mmoja wawili wamefika hivyo, ila mwaka kama 1995 meli haziwezi kueleza, hewa inaeleza.

Kitu cha tatu ni wapi usimame. Hapa ndipo wengi wanapoteza muda kwenye maua. Antiopa anatua kwenye budleia, kile kichaka cha maua kinachopendwa na vipepeo, ndiyo, hasa akiwa ametoka safari, lakini chakula anachokipenda hasa ni utomvu wa miti na matunda yaliyooza. Kwa hiyo tafuta mti wa betula uliojeruhiwa unaotoa utomvu, tafuta chini ya miti ya plamu na peasi, pale ambapo nyigu wamejaa. Nyigu ndio watakuonyesha. Mimi sasa hivi nikifika msitu mgeni natafuta kwanza miti inayovuja ninaiwekea alama kwenye ramani ya simu, na nikipita tena naikagua yote kwa darubini kutoka mbali kabla sijasogea.

Na ndivyo ilivyokuwa Agosti iliyopita, Suffolk, kwenye ukingo wa msitu si mbali na bahari. Upepo ulikuwa wa mashariki kwa siku kadhaa, kaunti ya jirani alikuwa ameshaonwa mmoja. Nikainua darubini kwenye betula ninayoijua, kwenye ufa wa gome pale utomvu unapotoka povu kuna nyigu, kuna vipepeo wawili aina ya atalanta, na katikati yao kuna kipande cheusi nilichodhani ni gome lenyewe. Kikafunguka. Jamani. Nilipiga picha hapohapo nilipokuwa, mbaya, ya mbali, kipepeo ukubwa wa punje, lakini ukingo unaonekana. Ndipo nikaanza kusogea taratibu, hatua moja, picha, hatua nyingine, picha, kivuli changu nimekiweka nyuma. Nikafika karibu kiasi cha kuona ulimi wake umezama kwenye ule ufa, nyigu akimkaribia anatikisa bawa moja kumsukuma bila hata kutoa ulimi. Ule ukingo wa krimu kwa karibu si msafi, una vitone vidogo vyeusi kama mtu kamwagia pilipili manga. Bawa la nyuma la kulia lilikuwa limechanika, kipande cha pembetatu hakipo, na kile nilikipiga picha peke yake mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kwa nini jeraha? Kwa sababu siku iliyofuata mtu mwingine akamwona antiopa kwenye budleia upande wa pili wa msitu, akatuma picha, na pembetatu ileile inakosekana palepale. Bila lile jeraha tungesema wamefika wawili. Kwa spishi adimu hivi tofauti ya mmoja na wawili ni kubwa, kwa hiyo picha ya mabawa yaliyochakaa usiifute ati si nzuri. Kumbukeni habari ya mtafiti wa vipepeo Gérard Talavera, mwaka 2013 kwenye ufuo wa French Guiana, Amerika Kusini, alikuta vipepeo aina ya Vanessa cardui, wachovu, mabawa yametoboka, mahali ambapo spishi hiyo haiishi. Angeweza kupita tu. Yeye na wenzake wakaunganisha hali ya mabawa, mwelekeo wa upepo, chavua waliyobeba, vinasaba na kemia ya mabawa, na mwaka 2024 wakachapisha kwamba wale vipepeo walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, zaidi ya kilomita 4,200. Haya yote yalianza na vipepeo wachache waliochakaa mchangani.

Nirudi kwenye kuandika. Kabla sijaondoka pale mtini nilikaa chini nikaandika noti zangu zote, saa, mahali, upepo, alichokuwa anafanya, nikapiga na skrinshoti ya lokesheni. Kwa rekodi ya huku namba ya gridi ya ramani yenye tarakimu sita inamweka kwenye mraba wa mita 100, na inatosha. Jioni hiyohiyo nikaingiza kwenye iRecord, mfumo wa mtandaoni wa kupokea rekodi za viumbe huku Uingereza, picha ya mbali kwanza, kisha za karibu, kisha ya jeraha, na kwenye maelezo nikaeleza hali ya hewa ya wiki ile na yule aliyeonwa kaunti ya jirani. Hoja ya kufugwa nikaijibu kabla hawajaniuliza. Siwezi kuthibitisha asilimia mia kwamba hakufugwa, hakuna anayeweza, lakini upepo sahihi, wakati sahihi, pwani sahihi na wenzake wameonekana wiki moja, hayo yakikaa pamoja yana uzito. Ikakubaliwa. Na yule aliyenichafua kwenye grupu sijamsikia mpaka leo, wala sijamtafuta.

Najua kuna atakayesema ni kipepeo mmoja tu, makelele ya nini. Huyo namuomba amwangalie huyohuyo Vanessa cardui. Mwaka 2009 waliingia Uingereza kwa mamilioni, na Ulaya nzima watu zaidi ya 10,000 wa kawaida kabisa wakaandika walichokiona. Kabla ya hapo wengi waliamini wanakuja kaskazini, wanazaa, baridi inawamaliza, basi. Wanasayansi wakaweka zile taarifa za watu pamoja na rada, ikaonekana vuli wanarudi kusini, wastani wa zaidi ya mita 500 juu, ndiyo maana sisi huku chini tulikuwa hatuwaoni. Safari yao nzima ni kama kilomita 15,000, kutoka Afrika ya kitropiki hadi karibu na Aktiki na kurudi, vizazi hadi sita vinapokezana. Anayeanza safari siye anayeimaliza, na hakuna mtu mmoja angeweza kuliona hilo hata akikesha maisha yake yote. Limeonekana kwa sababu wengi waliandika, kila mmoja kipande chake kidogo.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu anasema siandiki tena. Na nakasirika zaidi na wale wanaoandika siku ya bahati tu. Sifuri ni rekodi! Kama unatembea njia ileile kila wiki kuanzia Aprili hadi Septemba, kwa zile taratibu zinazotumika tangu 1976 na UKBMS, mpango wa Uingereza wa kuhesabu vipepeo, yaani kati ya saa nne na dakika 45 asubuhi na saa tisa na dakika 45 alasiri, nyuzi 13 za joto kwenda juu kukiwa na jua au 17 hata kukiwa na mawingu, unahesabu walio ndani ya mita mbili na nusu kila upande, basi wiki ambayo hukumwona unayemtaka ina thamani sawasawa na wiki uliyomwona. Bila sifuri zako hakuna anayeweza kusema mwaka huu ni mzuri au mbaya, atasema tu mwaka huu watu wametoka zaidi. Andika siku ya mvua iliyokukatiza, andika siku uliyorudi mikono mitupu, andika hata wale weupe wa kabeji ambao hakuna anayewajali. Mhakiki akiona jina lako kila wiki lina vipepeo wa kawaida waliotambuliwa sawasawa, siku utakapomletea antiopa hakusomi kama mgeni. Nadhani hilo ndilo lililonisaidia kuliko hata kamera, na halinunuliwi.

Kuhusu kuposti mahali, tumieni busara. Kama ni msitu wa wazi sawa, kama ni bustani ya mtu omba ruhusa kwanza, kwenye rekodi weka mahali kamili ila hadharani taja mji tu. Nimeona ua wa watu ukikanyagwa na wapiga picha ndani ya siku mbili, mwenye nyumba akaapa hataripoti tena kitu chochote, na yeye ndiye aliyekuwa na peasi zinazowavuta.

Sasa kaka yangu uliyeniandikia, kujibiwa rekodi yako "haiwezi kuthibitishwa" haimaanishi imefutwa, bado ipo kwenye mfumo na unaweza kuiongezea maelezo. Kaa leo uandike kila unachokikumbuka, na sehemu usiyoikumbuka sema hukumbuki, muulize na jirani kama naye aliona, aandike kwa maneno yake bila kusoma yako. Inawezekana bado wasiikubali, sikudanganyi. Halafu Machi na Aprili toka kwenye siku zenye jua, maana antiopa analala majira ya baridi akiwa mzima na wachache wanaovumilia baridi ya huku huwa wanajitokeza wakati huo, ukingo umeshapauka karibu mweupe. Ukimwona huyo usishangae rangi, piga picha ya mbali kwanza. Na nitumie tarehe yako ya mwaka juzi, nina ramani za upepo za mwaka ule nimezihifadhi, tuangalie pamoja ulikuwa unatoka upande gani.